Msumeno wa meza: nimetengeneza wa zamani, mpya nimeuacha dukani

Msumeno wangu ni wa mtumba, bledi inchi 10, mota ya hospawa 2 inayoizungusha kwa mkanda. Uso wa meza ni chuma kizito cha kumimina, kuunyanyua kunataka wanaume wawili walioshiba. Umenitolea vitanda, milango na fremu hapa nyumbani Tabora, karibu vyote vya mninga, mpaka ulipoanza kugoma. Ukiwasha, mota inavuma tu bila kuzunguka, na usipozima upesi harufu ya joto inaanza kutoka. Hata ukizungusha shafti kwa mkono unasikia beringi zinakwaruza.

Fundi wa kwanza aliitazama tu akasema waya zimeungua, mota isukwe upya. Hakupima chochote. Bei aliyonitajia ilikaribia nusu ya msumeno mpya, na hapo mtu yeyote anaanza kujiuliza kama si afadhali aongezee hela kidogo anunue.

Kabla ya kutoa hela nilikwenda kwa seremala mwenzangu wa mtaa wa Isevya, hapahapa Tabora, yeye anao huo mpya, nao ni wa inchi 10. Nikabeba na ubao wangu wa mninga wa unene wa inchi 2. Kwenye plaiwudi sina la kusema, unakata safi, ni mwepesi na unabebeka kwa pikipiki hadi kwa mteja. Kwenye mninga ndipo ulipoonyesha rangi yake. Mota yake ni ya kaboni, kama ya drili ya mkono, inapiga kelele hadi mbwa wa jirani wakaamka. Ukiusukuma ubao kwa mwendo wa kawaida inaelemewa, swichi ya usalama inajikata, unakaa kusubiri ipoe. Pao ya kuongozea mbao ni bati la kukunjwa, ukiiegemea kidogo inacheza, na upana wa ubao unatofautiana mwanzo na mwisho. Kwa anayetengeneza fremu za milango, hiyo ni kazi ya kurudia kwa randa.

Ila kuna sehemu moja umenishinda kabisa: una kile kibati cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi kuzuia ubao usijibane ukarushwa usoni kwako. Wangu haukuwa nacho.

Nikarudi nyumbani, nikaifungua mota, nikaipeleka kwa mzee mmoja wa mtaa wa Kanyenye anayesuka mota za pampu. Huyu alianza na mita ya kupimia umeme. Akapima waya, akanusa ndani, akatikisa kichwa. "Mwanangu, mota hii nzima. Tatizo ni kuanza tu." Kapasita, kile kikopo kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka, ilikuwa imevimba kichwani. Akafungua kifuniko cha nyuma, penye ile swichi inayokata waya za kuanzia mota ikishashika kasi. Unga wa mninga ulikuwa umeshindiliwa humo, mwekundu, mgumu, umechanganyika na grisi. Pointi za swichi zilikuwa nyeusi tititi. Akazisafisha kwa msasa mwembamba, akapuliza unga wote, akaweka kapasita yenye namba zilezile za ile ya zamani.

Beringi nilinunua mwenyewe. Zimeandikwa 6204, ni namba ya kawaida, madukani zipo. Chukua zenye vifuniko vya mpira pande zote mbili, maana za kifuniko cha bati unga wa mbao unazipenya mapema. Kuna bandia nyingi, kwa hiyo izungushe kidoleni kabla ya kulipa, ikikwaruza irudishe palepale.

Gharama yote, mkanda mpya ukiwemo, haikufika robo ya bei ya msumeno mpya. Kibati cha nyuma ya bledi nimechongesha kwa fundi wa kuchomelea. Kinatakiwa kiwe kinene kuliko bati la bledi, lakini chembamba kuliko njia inayokatwa na meno, la sivyo ubao unakwama.

Mzee alinipa onyo moja ambalo naona wengi hatulijali. Nilikuwa natumia ekstensheni ndefu ya waya mwembamba kutoka sebuleni. Mota ya aina hii wakati wa kuanza inavuta umeme mara kadhaa kuliko ikishashika kasi. Umeme ukifika dhaifu, inachelewa kushika kasi, na kapasita ya kuanzia inabaki kazini kuliko muda wake hadi inaungua. Sasa nimevuta waya wa milimita 2.5 moja kwa moja hadi kibandani, na jioni umeme unapofifia mtaani siwashi kabisa.

Tangu hapo unawaka kwa mguso mmoja na mninga wa inchi 2 unapita bila kusita. Vumbi bado ni tatizo, wangu hauna hata tundu la kuunga bomba la kunyonya, kwa hiyo barakoa ni lazima. Vumbi la mninga linakereketa pua na kifua.

Msumeno wangu ungekuwa na mota ya kaboni iliyoungua waya, au uso wa bati uliopinda, ningenunua mpya bila kufikiri mara mbili. Mwenye kazi za plaiwudi za nyumba kwa nyumba naye asihangaike na chuma kizito kama changu. Yule mwenzangu wa Isevya hana mpango wa kuuza wake, ila mbao zake nene sasa ananiletea mimi nimpasulie.