Darubini ya milimita 70 kwa jaribio la Rømer: tathmini baada ya miezi mitatu

Darubini niliyowanunulia wanafunzi wangu wa fizikia ina lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 70, na niliitaka kwa kazi moja: kurudia uchunguzi wa Ole Rømer, Mdenmark ambaye mwaka 1676, akiwa Paris, alionyesha kwamba mwanga huchukua muda kusafiri. Galileo alikuwa amependekeza watu wawili wafunuliane taa kutoka mbali, lakini mwanga una kasi mno kwa mikono ya binadamu. Rømer aliitegemea saa iliyo angani. Mwezi wa Mshtarii uitwao Io huizunguka sayari hiyo kwa saa 42 na nusu hivi, na kila mzunguko hupita katika kivuli cha sayari hiyo. Kadiri Dunia inavyojitenga na Mshtarii, ndivyo Io unavyozidi kuchelewa kuonekana ukitoka kivulini, kwa kuwa mwanga wake una safari ndefu zaidi.

Kwa kuona, darubini hii inastahili sifa. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 10, inakuza mara 70, na miezi minne mikubwa ya Mshtarii huonekana kama vitone safi. Udhaifu wake ni stendi. Io huchukua zaidi ya dakika tatu kutoka kivulini kabisa, na anayepima muda anatafuta ule mng'ao wa kwanza hafifu, ambao upepo kidogo tu ukitikisa miguu hupotea. Nilining'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu mitatu, ikatulia. Muuzaji aliniahidi stendi imara zaidi. Bado sijaipata, na jambo hilo limenisikitisha.

Tulianza siku chache baada ya Dunia kupita kati ya Jua na Mshtarii, tukahesabu mbele kwa wastani wa saa 42, dakika 28 na sekunde 36 kwa kila mzunguko. Baada ya miezi mitatu Io ulichelewa kwa dakika saba hivi, na kosa letu linaweza kufika dakika nzima. Wanafunzi walinyamaza walipotambua maana ya dakika hizo. Rømer mwenyewe alikadiria kwamba mwanga huvuka kipenyo cha mzingo wa Dunia kulizunguka Jua kwa dakika 22, ilhali ni kama dakika 16 na sekunde 38. Mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyegeuza makadirio hayo kuwa kasi, takriban kilomita 220,000 kwa sekunde. Gurudumu ambalo Mfaransa Fizeau alilitumia mwaka 1849 kupima kasi ya mwanga hapa duniani, lenye meno 720 na mwanga uliokwenda zaidi ya kilomita nane na kurudi, halina nafasi katika shule yetu.

Mwalimu mwenye nia kama yangu ainunue, lakini atenge fedha za stendi nyingine. Asianze kabla ya Dunia kupita hapo katikati, kwa kuwa wakati huo Io huonekana ukiingia kivulini tu, na kutoka kwake hufichwa na sayari yenyewe.