Dhahabu au kaboni: upake nini sampuli kabla ya hadubini ya elektroni?

Hadubini hii hupiga picha kwa kuirushia sampuli elektroni; sampuli isiyopitisha umeme hukusanya chaji zake. Picha huwa na michirizi myeupe na kuhamahama. Ndiyo maana hupakwa tabaka jembamba linalopitisha umeme.

Kwa jani la kahawa la Mbozi lenye kutu, ugonjwa wa kuvu, dhahabu inashinda. Nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) zinatosha: mbegu za kuvu, laini upande mmoja na zenye vijiiba mwingine, huonekana wazi. Ukizidisha, unavifukia vijiiba. Lakini jani lisipokaushwa taratibu kwa etanoli, asilimia 30 hadi 100, kisha kaboni dioksidi yenye shinikizo, hujikunja, na hakuna upako utakaoliokoa.

Jiwe la Chunya ni habari nyingine. Ukitafuta dhahabu kwa eksirei, miale ambayo sampuli hutoa na inayotambulisha elementi zake, huku umeipaka, utaiona kila mahali. Tena mstari wake wa eksirei, wenye nishati ya kiloelektronivolti 2.1, huufunika ule wa fosforasi na kuusogelea ule wa salfa, iliyomo kwenye pairaiti, madini ya chuma na salfa. Hapo ni kaboni, nanomita 15 hadi 20, ingawa picha hufifia kidogo.

Bamba la dhahabu, chanzo cha upako, ni ghali ila hudumu. Uzi wa kaboni ni rahisi, huungua kila upakaji na kuacha masizi ya kufutwa. Anayetaka picha na kemia ya sampuli moja aanze na kaboni, apime, ndipo aongeze dhahabu.