Nimeitumia Radio Garden kusaka miziki ya dunia, haya ndiyo maoni yangu

Kwa wale wasiopenda kusoma sana jibu ni hili: ipakueni hii apu ya kusikiliza redio za dunia nzima, ni bure, na kwa mtu anayetaka kusikia miziki ya watu wengine, ya asili na ya kisasa, mie sijaona kinachoishinda. Wenye subira kaeni niwaeleze, manake hii kitu ina namna yake ya kutumiwa, na ukiiendea ovyo ovyo utaishia kusikiliza zile zile nyimbo za Marekani unazopigiwa kwenye matatu za Bamburi hapa Mombasa kila siku.

Radio Garden ilianza 2016 kule Amsterdam, Uholanzi, na mwanzo wake ilikuwa sehemu ya utafiti kuhusu vile redio inavyovuka mipaka ya nchi. Iko kwenye wavuti na iko kama apu ya simu. Ukiifungua unakutana na dunia yenyewe, ile ya mviringo, picha ya setilaiti, imejaa nukta za kijani, na kila nukta ni mahali penye redio. Unaizungusha kwa kidole. Katikati ya skrini kuna kiduara, nukta ikiingia pale tu redio ya huo mji inaanza kucheza, laivu, vile vile wenyewe wanavyoisikia saa hiyo hiyo, na ukiwa unahama kutoka mji mmoja kwenda mwingine unasikia ule mkwaruzo wa redio za zamani, yaani wazee wetu waliokuwa wakitafuta Cairo usiku kwa kuzungusha kitufe wataujua mara moja. Stesheni ukiipenda unabonyeza alama ya moyo inakaa kwenye orodha yako. Na ukizima skrini haikatiki, jambo kubwa hilo kwa sisi tunaosikiliza jikoni ama dukani simu ikiwa mfukoni.

Kilichonishika zaidi ni kuwa redio haikujui. Hizi huduma nyingine za muziki zinakupima, ukipenda bongofleva leo basi utaletewa bongofleva na jamaa zake mpaka uchoke, zinazunguka pale pale ulipo. Lakini mtangazaji wa Bamako hana habari na wewe uliyekaa Majengo, anawapigia watu wake, kuna salamu za jirani, kuna tangazo la sabuni, halafu inaingia kora, ile ala ya Afrika Magharibi yenye nyuzi 21, na wewe unaisikia mahali pake, katikati ya maisha ya watu wake. Mali hasa nawaambia muende, manake redio kule imelea muziki kweli kweli. Ali Farka Touré mwenyewe, yule mpiga gita wa Mali, kabla dunia haijamjua, alikuwa fundi mitambo wa Radio Mali pale Bamako, akirekodi pale pale studio na kanda zikipelekwa Paris kutolewa sahani za santuri.

Sasa nije kwa sisi watu wa Mombasa, manake nasema wazi, masikio yetu yameandaliwa kwa hii apu kuliko ya watu wengi. Bandari imeleta kila kitu hapa. Taarabu yetu ina Misri ndani yake, ina India ndani yake, ina Uarabuni, kwa hivyo ukizungusha hiyo dunia unakuwa unakutana na jamaa zako. Nenda Mumbai. Hapa ikiwa saa nne usiku kule ni saa sita na nusu, na saa hizo ndio nyimbo za zamani za filamu zinatoka. Tafuta Vividh Bharati, ile idhaa ya All India Radio iliyoanza 1957. Nilikuwa naichezea ukumbini, ami yangu amejilaza zake, ikaingia sauti ya Mohammed Rafi, mwimbaji wa filamu za Kihindi, ami akainuka.

"Wacha hapo hapo, usiguse! Hiyo si ya Bhalo hiyo?"

"La ami, huyo ni Rafi, Mhindi mwenyewe."

Akaanza kuimba maneno ya Kiswahili juu ya Rafi, beti baada ya beti, bila kukosea mahadhi. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, Mungu amrehemu, alizichukua sana zile sauti za filamu za Kihindi akazivika mashairi yetu, na mji mzima ukazishika, sasa huyu mzee wangu kwa miaka yote hiyo alikuwa anaujua wimbo upande mmoja tu. Siku ile tulikesha. Tukatoka Mumbai tukaenda Cairo kumtafuta Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri ambaye Alhamisi ya kwanza ya mwezi redio ilikuwa ikirusha onyesho lake laivu na Waarabu wote wametega masikio, na ami akatuambia mwenyewe vile walivyokuwa wakikusanyika barazani Mji wa Kale kumsikiliza, kahawa inazunguka.

Lakini mahali paliponiacha mdomo wazi ni Cartagena, Colombia. Kule Amerika Kusini, ndio. Saa nne ya usiku wetu kwao ni saa nane mchana, jua kali, na stesheni za mtaani zinapiga muziki unaitwa champeta. Nilipoangukia pale nilifikiri kidole kimeteleza kimenipeleka Kinshasa, gita lile lile jembamba la juu, sebene ile ile, yaani kile kipande cha magita cha kuchezea, ila mtu anaimba Kihispania na kuna mwingine anapiga kelele juu ya wimbo na vinanda vya mashine vinaingia vinatoka. Nikaenda kuisoma habari yake. Kumbe kuanzia miaka ya 1970 mabaharia walikuwa wakishuka Cartagena na sahani za Kongo, Naijeria, Ghana, Afrika Kusini, wanawauzia wenye mitambo ya muziki ya mtaani, wanaiita picó, maspika makubwa kama kabati yamechorwa rangi za kuwaka, na kila mwenye picó alitaka awe na wimbo ambao mwenzake hana. Walikuwa wanabandua karatasi ya jina kwenye sahani ili mpinzani asijue ni wimbo gani wa nani, halafu wanaupa jina lao wenyewe! Nyimbo za Kongo zikaishi kule miaka na miaka bila jina la mwenyewe, mpaka vijana wa pale wakaanza kutunga za kwao juu ya mtindo ule. Mtoto wa mji wa bandari akisikia hivyo anaelewa haraka, manake hata huku muziki mwingi ulishuka na meli. Na rumba ya Kongo yenyewe UNESCO imeshaiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu 2021, lakini mie naona wale watu wa Cartagena walishaipa heshima yake kitambo.

Haya, namna ya kuitumia. Usianze na stesheni kubwa za miji mikuu, nyingi zinapiga vibao vya Marekani kutwa, iwe Ulaya iwe Asia. Sogeza dunia karibu, tafuta nukta ndogo ya mji usioujua, tafuta redio za jamii. Angalia saa za kule, alfajiri na Jumapili na siku za sikukuu ndio muziki wa wenyewe unatoka, mchana wa kazi ni matangazo. Na usikimbie baada ya wimbo mmoja mbaya, ipe stesheni nusu saa. Ukichoka kutafuta nenda Paris kwenye FIP, iko hewani tangu 1971, watangazaji wake ni wanawake wenye sauti za taratibu hawaongei sana, na wanaunganisha jazi na Afrika na nyimbo za kizamani za Kifaransa bila kukushtua, na kwenye tovuti yao jina la wimbo linaandikwa, kitu ambacho ukiwa msakaji kama mie kina thamani sana.

Manake hapo ndipo penye kasoro. Radio Garden yenyewe haina nyimbo, inakuelekeza tu kwenye matangazo ya stesheni, kwa hivyo mtangazaji asipotaja jina, ama akilitaja kwa lugha usiyoijua, wimbo umeshapita. Zile programu za kutambua nyimbo zinasaidia kwa vitu vilivyorekodiwa studio, lakini kwa ngoma za asili mara nyingi programu hizo zinabwaga manyanga. Dawa yangu ni kuandika mji na saa, halafu natafuta taratibu. Bando nayo, stesheni ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 58 kwa saa, si nyingi ukilinganisha na video lakini ukikesha utaiona. Na kama una ndugu Uingereza, tangu 2022 walio kule hawafunguliwi stesheni za nje ya nchi yao kwenye hii apu kwa sababu ya leseni za hakimiliki, kwa hivyo usitegemee kuwa mtasikiliza pamoja.

Jambo jingine ni ramani yenyewe. Ulaya nukta zimebanana, Afrika ina mapengo makubwa. Huko kwenye mapengo redio ziko na watu wanaimba, ila stesheni nyingi ni za FM tu, hazipandishi matangazo yao kwenye intaneti. Ukitaka sengenya ya Wadigo, na zumari lake na upatu, hii apu haitakupa, hiyo bado ni ya kupanda feri ukaenda Kwale ukaketi. Na kwa miziki ya asili iliyorekodiwa zamani kuna Smithsonian Folkways, lebo ya muziki ya Marekani, wao wanaweka na vijitabu vya maelezo unavipakua bure, unajua nani anapiga nini na kwa nini, na kuna ILAM kule Afrika Kusini, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Hugh Tracey 1954, yule aliyezunguka na mashine zake mpaka Afrika Mashariki. Mie nafanya hivi, redio inanionyesha, halafu naenda huko kusoma. Ukitaka kurudi nyuma kwa miaka kuna pia Radiooooo ya Wafaransa, unachagua nchi na mwongo, sema Brazili ya miaka ya 1960, inakupigia, ni tamu lakini pale amekuchagulia mtu, ile hali ya laivu haipo.

Nyota naipa nne na nusu kati ya tano, ile nusu nimeizuia kwa ajili ya majina ya nyimbo.

Ninachotafuta sasa ni stesheni ya Moroni, Komoro, inayopiga twarabu ya Ngazija usiku, nilizozipata zinakatika kila dakika mbili. Kwa mwenye kuijua, naomba jina la stesheni na saa ya kipindi, na kama kuna ya Majunga, Madagaska, inayopiga salegy, ule muziki wa dansi wa kule, alfajiri nayo naitaka.