Turubai la buluu la Lamu: pete ziling'oka, kikoi changu kikatukanwa

Nianze na kikoi, maana turubai lenyewe naweza kulisamehe.

Mimi nafunga kikoi tangu naenda chuoni na juzuu kwapani. Hakijapata kunidondoka msikitini, sokoni wala chomboni. Halafu aje muuza duka mmoja wa Lamu mjini, duka lenyewe silitaji, aniambie mbele ya wazee wa barazani kwamba mimi sijui kufunga! Nyota moja. Na hiyo moja ni ya heshima ya mji.

Kisa ni hiki. Nilikwenda Lamu kutoka Malindi, kusi limeshika, mwezi wa sita hivi au mwisho wa ule wa tano. Nilikuwa na hamoki yangu, kile kitanda cha kuning'iniza kati ya miti, ya kitambaa cha parashuti, nikataka kitu rahisi cha kuziba mvua juu yake. Nikaingia kwa yule bwana, akanitolea turubai la buluu, futi 8 kwa 10, lenye pete za bati ukingoni. Aliniambia 1,200, tukavutana hadi 900. Nilimweleza wazi: nataka la kulalia chini yake, si la kufunikia simiti. Akalifinya kwa vidole viwili, akasema, "Hili? Masika na iye!" Yaani mvua za masika na zije tu. Yashike maneno hayo.

Tukavuka hadi kisiwa cha Manda, mimi na wenzangu wawili, tukaingia upande wa Takwa, penye magofu ya mji wa kale, na maji ya kujaa. Mwenye kuijua njia ile ya mikokoni anajua kwamba ukichelewa maji, mashua utaisukuma topeni. Nilitamani kufunga kwenye mbuyu kwa uzuri wake, lakini ukanda wa hamoki haukuweza kuukumbatia hata nusu. Chini ya mnazi silali, nazi haipigi hodi. Nikapata mkoma na mkwaju, nikapitisha kamba ya nailoni kutoka mti hadi mti, nikatupia turubai juu.

Hapa nijisifu kidogo. Ukilitandaza hivi hivi kwa urefu wake, hizo futi 10 ndizo karibu urefu wa hamoki yenyewe, kwa hiyo kichwa na nyayo vinaomba huruma ya mawingu. Mimi nililiweka pembe kwa pembe, na hapo unapata karibu futi 13. Pembe mbili zilizobaki nikazivuta chini kwa vigingi vya mti, kamba ndani ya zile pete za bati. Nikalala kama sultani.

Usiku wa manane nikahisi mgongo umelowa. Juu pakavu, chini maji. Kumbe mvua ilikuwa ikishuka kwenye shina la mkoma, inashika ukanda, inafuata ukanda mpaka ndani ya hamoki, taratibu, kama mgeni aliyeelekezwa nyumba. Sijamaliza kushangaa hilo, upepo ukapiga mara moja. Taa! Pete ikang'oka na kipande cha turubai. Upande ule ukawa bendera. Upande wa pili ukalegea, maji yakajikusanya juu yangu mfano wa karai, halafu karai likamwagwa. Watu husema hamoki. Usiku ule kwangu ilikuwa hamaki.

Na Takwa huondoki utakavyo. Ilibidi tungoje maji yajae tena, saa nzima nzima, mimi nimekaa na pete ya bati mkononi, hasira inaiva kama pweza.

Nilifika dukani sijabadili nguo. Nikamwekea pete juu ya meza. Akaitazama pete, akanitazama mimi, akashusha macho hadi kiunoni.

"Turubai halina kosa. Wewe huyui kufunga. Hata hicho kikoi, umefungiwa na nani?"

Baraza nzima ikacheka. Mzee mmoja alipaliwa na kahawa. Nikadai pesa zangu, nikajibiwa kwamba mali ikitoka haina kurudi, na kwamba sisi wa Malindi tumezoea kulala hotelini. Sikupata hata jibu. Jibu nililipata usiku, kitandani, na lilikuwa zuri sana.

Kwa hiyo msinunue. Ndivyo nilivyokuwa nimeandika mwanzo, na ningeishia hapo, kama si nahodha aliyetuvusha, mtu mzima wa Matondoni, kutaka alione hilo turubai. Naye alicheka, lakini cheko la mzazi.

"Mwanangu, hili ni tanga. Tanga lina joshi, upande wa upepo, na demani, upande uliokingwa. Wewe umelifunga kama nguo ya kuanika."

Akaokota komwe mchangani, hizi hizi tunazochezea bao. Akaiweka karibu na ile pembe iliyochanika, akaikunjia turubai juu yake kama pipi ndani ya karatasi, halafu akakaza kamba shingoni mwa kile kifundo. Mkazo wote ukaenda kwenye kitambaa, hakuna tundu la kuraruka. Vuta unavyotaka. Nikamuuliza, "Ami, na kijiwe je?" Akasema kijiwe pia chafaa kikiwa laini, ila jiwe la matumbawe litakukata turubai lenyewe.

Upande wa kusi akaushusha mpaka karibu na ardhi, upepo upande juu badala ya kuingia chini. Pembe moja akaiacha chini kuliko mwenzake, ili maji yajue pa kutokea yasifanye karai. Akachana utepe wa kitambaa kikuukuu, akaufunga kwenye ukanda kabla haujafika kwenye hamoki, ncha ikining'inia: maji yakifika pale yanadondoka chini. Utepe tu! Na kila giza likiingia, akasema, kaza kamba upya, kwa kuwa nailoni ikilowa hulegea.

Wiki kadhaa baadaye nikarudi Manda na turubai lile lile bovu, komwe pembe zote, pete za bati nimezipuuza. Mvua ilikuja ndefu kuliko ile ya kwanza. Niliamka mkavu, nikatafuta pa kulalamikia sikupaona. Haya, nyota tatu.

Mtasema basi muuza duka alikuwa kweli. La! Pete zikiwekwa kwenye turubai ni za kufungia, si vipuli. Kama hazifungi, useme, "Bwana, hizi pete usiziamini," na mimi bado ningenunua. Lakini kuapa kwa masika halafu kugeukia kiuno cha mtu... Haya, nusu kweli. Kufunga turubai sikujua. Kikoi najua. Rudisheni nyota moja, zibaki mbili.

Juzi nilihitaji la pili, la kumpa shemeji yangu wa Shela. Nilizunguka maduka mengine, ya bei hiyo yalikuwa mepesi zaidi. Sikutaka kuonana na yule bwana, nikamtuma mtoto wa jirani na pesa kamili, nikamkanya asitaje jina langu. Akarudi na turubai, na chenji ya shilingi hamsini nisiyoitarajia.

"Amesemaje?"

"Amesema hiyo hamsini ni ya kununulia mkanda, ikiwa kikoi bado chamsumbua."