Shelly Pro 3EM: mita ya kupima jengo linaweza kuahirisha umeme kiasi gani

Bili ya mwezi hukwambia jengo limekula yuniti ngapi. Haikwambii hili: jengo likitakiwa kupunguza umeme saa 1 usiku, gridi ikiwa imeelemewa, litashusha kilowati ngapi, kwa dakika ngapi, na baadaye litajifidia kiasi gani? Huo ndio unyumbufu wa jengo, na kwa kuupima, Shelly Pro 3EM ni mita nzuri kweli, mradi aliyeifunga awe makini.

Ni kifaa chembamba cha kukaa kwenye reli ya bodi ya umeme, chenye klempu (vibanio vinavyozunguka waya na kupima mkondo) tatu za ampea 120, moja kwa kila fezi. Lipo pia toleo la ampea 400. Sifa yake kubwa ni kumbukumbu: huhifadhi vipimo vya kila dakika kwa takriban siku 60, nawe unavipakua kwa faili la CSV bila kulipia huduma yoyote. Muda umeandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo Afrika Mashariki ongeza saa 3, la sivyo kilele cha saa 1 usiku kitaonekana saa 10 jioni. Unganisha kwa kebo ya LAN, maana bodi ya chuma hukaba Wi-Fi.

Kosa baya zaidi liko kwenye klempu. Klempu ya A lazima ishike waya wa fezi ileile iliyoingia terminali ya A (tundu la mita linalopokea waya wa fezi hiyo). Zikipishana mbili, hita ya kilowati 3 itasoma kilowati -1.5. Fundi asiyejua huigeuza klempu ili alama ya kutoa iondoke. Namba inakuwa chanya, lakini bado ni nusu ya ukweli! Washa hita moja kwenye kila fezi kwa zamu, ulinganishe na kilowati zilizo kwenye kibandiko chake. Hakikisha pia klempu imejifunga kabisa, kwani pengo dogo tu hupunguza kipimo.

Sasa jaribio. Chukua siku 10 za kazi za kawaida, upate wastani wa kila robo saa. Huo ndio msingi wa kulinganishia. Siku ya jaribio pandisha viyoyozi kutoka nyuzi 23 hadi 26 kwa saa moja, kisha urudishe. Usihukumu kwa dakika mojamoja, kwa sababu kompresa ya kiyoyozi isiyo ya inveta (isiyobadili kasi) huwaka na kuzima yenyewe. Endelea kurekodi saa 3 baada ya kurudisha, maana hapo ndipo hesabu nyingi hukosewa. Jengo lililoshusha kilowati 10 kwa saa moja, kisha likala yuniti 7 za ziada kujipoza upya, limeokoa yuniti 3 tu. Zile 7 limezihamisha.

Kuhamisha nako kuna faida. Kenya, wateja wa biashara na viwanda walio kwenye bei ya saa (inayobadilika kulingana na saa za siku) hupata umeme wa bei ya chini kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi siku za kazi. Tangi la maji moto la lita 200 linaloshuka kutoka nyuzi 60 hadi 45 hubeba karibu yuniti 3.5 za kupashwa usiku.

Ukitaka mita izime hita yenyewe, nunua kirelei (swichi ndogo) chake cha ziada, na kiendeshe kontakta (swichi kubwa ya mizigo mizito), kisibebe mzigo wa hita moja kwa moja.