Mtungi wa kuzimia moto kwenye gari: geji ya kijani isikutoshe

Mshale wa geji ulikuwa kwenye kijani. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia ananiuliza, "Kwani ulikuwa huangalii geji?" Nilikuwa naiangalia kila mwezi. Tulikuwa tunarudi Dodoma na Noah yetu kutoka Manyoni, tumeshaipita Bahi, watoto wamelala nyuma, moshi ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Mume wangu akalitoa gari barabarani, mimi nikawashusha watoto na kuwakimbiza upande unakotoka upepo, nikarudi na mtungi. Nikavuta pini, nikabana. Ukatoa vumbi jeupe kidogo, kama unga unaobaki kwenye chekecheo ukilipiga, kisha ikawa fyuuu, upepo mtupu, kama tairi linaloshushwa. Sekunde chache umekwisha, na moto uko palepale.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori aliyesimama bila hata kupungiwa mkono. Utingo wake aliruka na mtungi wa kilo 6, akaelekeza mpira kwenye upenyo wa boneti bila kuifungua yote, moto ukazimika. Baadaye fundi alituonyesha waya wa alamu ulioungwa ovyo, ngozi yake imechubuka na shaba imegusa bodi. Kijana yule namwombea mpaka leo.

Mtungi wangu niliupeleka kwa fundi anayejaza mitungi hapa mjini. Gesi ilikuwa imeshaisha, kwa hiyo aliweza kufungua kichwa bila hatari. (Usijaribu nyumbani kwa mtungi wenye gesi, unaweza kukupasukia usoni.) Alipokivuta hakikutoka. Bomba la ndani lilikuwa limeshikwa kama mwiko uliosimikwa kwenye ugali wa jana. Poda ilikuwa imeganda chini, ngumu, na katikati ina tundu jembamba ambamo gesi yote ilipitia. Nilikwangua kwa kucha, haikubonyea.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachofanyika ndani ya mitungi hii, na ndiyo sababu naandika. Gesi, mara nyingi nitrojeni, hukaa juu ikiikandamiza poda. Ukibana kishikio, gesi inaisukuma poda kuingia kwenye bomba kupitia chini na kutoka nje. Poda ikiwa imeshindiliwa, gesi hutafuta njia yake yenyewe na kutoka peke yake. Geji inapima mgandamizo wa gesi tu. Haijui lolote kuhusu poda. Mtungi unaweza kuwa na jiwe ndani na mshale ukasimama kwenye kijani miaka mitano.

Sasa fikiria barabara zetu. Mtu wa Ilazo, Nkuhungu au Ntyuka akitoka lami anakanyaga changarawe kila siku ya Mungu. Wanaokwenda vijijini Chamwino au Kongwa wanajua barabara ya vumbi iliyokauka ikajikunja matuta madogo madogo, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Mtungi uliosimama wima kwenye gari hilo unafanyiwa kile mwenye duka anachofanyia debe la unga: anatikisa, unashuka, anaongeza. Poda nayo inashuka na kubanana. Ikiwa ilijazwa siku yenye unyevu, au kichwa hakikukazwa vizuri, inaganda kabisa.

Kwa hiyo dukani sitaki kusikia habari za rangi wala stika. Herufi ziwe ABC, hiyo inajulikana: poda yake inazima vitu vya kawaida kama viti na mikeka, mafuta, na hata moto wa umeme. Baada ya hapo fanya jambo moja. Chukua mtungi, ugeuze kichwa chini taratibu, uweke sikio, shika kitako kwa kiganja. Poda nzuri utaisikia ikiteremka kama mchanga mkavu wa mtoni, na mkononi utahisi uzito ukihama. Ukigeuza na uzito usihame, mrudishie. Chukua wa pili. Chukua wa tatu. Mwuzaji akinuna, mwache anune.

Halafu upime kwenye mizani. Kwenye lebo ya mtungi wa maana pameandikwa uzito wa poda na uzito wa mtungi mzima ukiwa umejaa. Mimi wangu mpya niliupitisha kwa mama anayeuza maharage pale Soko la Majengo, akauweka kwenye mizani yake, ukalingana na lebo. Wa jirani yangu, wa kilo 1, ulipungua karibu robo kilo. Robo kilo kwenye mtungi wa kilo 1 ni kitu kikubwa, maana mtungi mzima wa kilo 1 unatoa poda kwa sekunde nane hivi tu.

Kitu kingine ninachokigusa ni kichwa. Nataka chuma au shaba, sitaki plastiki. Mwaka 2017 Kidde, kampuni kubwa ya mitungi hii, waliwataka wateja warudishe mitungi zaidi ya milioni 37 Marekani peke yake, ile ya vishikio vya plastiki na ya kubonyeza kitufe, kwa sababu iliweza kuziba au kugoma kutoa wakati wa moto. Ikiwa plastiki iliwashinda watu wenye kiwanda kikubwa namna ile, ile isiyo na jina inayoning'inia kwenye maduka ya spea siiamini hata kidogo.

Mpangilio wangu basi ni huu, na siuombei radhi.

Wa kwanza ni NAFFCO ya kilo 2, poda ya ABC. Ni kampuni ya Dubai na mimi ni mtu wao, nasema wazi, na hakuna aliyenilipa. Ninao miaka miwili. Kichwa chake ni cha shaba, pini inatoka kwa mkono wa mtoto wa darasa la sita (nimemfundisha binti yangu kwa mtungi mtupu), na kila nikiugeuza poda inateremka ileile kama siku niliyoununua. Nililipa 70,000, iliniuma, lakini Noah iliyobeba watu saba haifai kilo 1. Mwenye Hiace au Alphard asihangaike kutafuta kingine.

Wa pili ni huohuo wa kilo 1, kwa mwenye IST, Vitz au Passo. Lakini ujue unanunua sekunde chache, kwa hiyo elekeza kwenye kitako cha moto tangu mwanzo, usimwagie miali ya juu.

Wa tatu ni mtungi wa kilo 2 wa kampuni nyingine yoyote yenye kichwa cha chuma, lebo iliyochapwa juu ya mtungi wenyewe na siyo kubandikwa, alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na uliofaulu kugeuzwa kichwa chini mbele yako. Amerex ya Marekani ukibahatika kuiona, ichukue, vichwa vyao ni vya chuma.

Wa nne ni mtungi wako wa zamani uliojazwa upya, kwa sharti moja: usimame hapo ukimwangalia fundi akimwaga poda ya zamani yote, akikausha ndani, akibadilisha mpira wa kuzuia gesi kwenye kichwa. Akikwambia "niachie uje kesho", ondoka nao. Na kama umewahi kuubana hata nusu sekunde kujaribu, ujue umeshakwisha. Chembe za poda zinabaki kwenye vali, gesi inavuja polepole, wiki mbili mbele huna kitu.

Vikopo vya kupuliza visivyo na geji, kama dawa ya mbu, na vile vya kilo 1 vya 25,000 vyenye kichwa cha plastiki, sinunui. Vitamfurahisha trafiki, basi.

Na hapa niseme lililonikaa moyoni kuhusu wauzaji wetu. Mtungi ulioniangusha niliununua duka moja mjini, nikalipa 30,000, ulikuwa umepangwa nje kwenye meza, jua la saa nane linauchoma. Mitungi mingi imeandikwa isikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, na chuma chekundu kilichoachwa juani Dodoma mwezi wa kumi hukigusi kwa mkono mtupu. Nilipourudisha, yule kaka aliniambia, "Dada yangu, geji si ilikuwa kijani? Mali ilikuwa sawa." Nikamwonyesha poda iliyoganda kwenye mfuko wa nailoni. Akasema nilikaa nao sana. Ulikuwa na miezi kumi na moja! Nikaangalia mezani: stika za tarehe ya ukaguzi zilikuwa kwenye bahasha, tupu, na kalamu pembeni. Mtu anaandika tarehe anayoitaka. Stika hiyo ndiyo tunayoisoma wote tukiamini kuna mtu aliyeukagua.

Bei nayo haina adabu. Mtungi uleule, boksi lilelile, barabara moja wanataka 55,000, barabara ya pili 80,000, na akikuona umeshuka kwenye gari lenye namba mpya inapanda tena. Siku hizi naomba risiti ya mashine yenye jina la mtungi na uzito wake kabla sijatoa hela, na wanaokataa kuandika najua wanauza nini.

Wangu nimeufunga kwa kibano cha chuma mbele ya kiti cha abiria, umelala, mkono wa dereva unaufikia. Buti siweki, maana siku ile mizigo ya Manyoni ingekuwa juu yake. Gari likisimama juani nafunika kwa kanga. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nautoa, naugeuza kichwa chini, nampa mume wangu naye asikilize. Mwezi uliopita alikaa nao sikioni muda mrefu kuliko mimi.