Utabiri wa TMA kwa Ziwa Tanganyika: unamfaa vipi mtu wa mtumbwi?

Kwa anayetoka Kibirizi au Ujiji, mkoani Kigoma, kwa mtumbwi, utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ni huduma ya bure yenye thamani kubwa, ilimradi usomwe sawasawa. Usiishie kwenye picha ya wingu. Tafuta kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Kwenye maonyo ya hali mbaya ya hewa, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Utabiri huu unafaa zaidi kiangazi, Mei hadi Agosti. Upepo wa kusini huvuma siku mfululizo, na ziwa lina urefu wa takriban kilomita 670, hivyo wimbi hupata nafasi ya kukua hata kama Kigoma kwenyewe kumetulia. Mfumo mkubwa namna hiyo hutabirika vizuri.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, ni habari nyingine. Upepo wa mvua ya radi hushuka ndani ya dakika chache, tena kwenye eneo dogo mno kwa utabiri wa saa 24. Hapo jicho ni lako: ukiona wingu jeusi na kuhisi ubaridi wa ghafla, geuza uelekee nchi kavu. Jaketi okozi liwe limefungwa mwilini, si limekaliwa.

Kina cha ziwa ni suala jingine. Maji ya 2020 na 2021 yalifunika nyumba za kando ya ziwa, lakini yalipanda kwa miezi, si kwa dhoruba moja. Angalizo la siku tano halikutengenezwa kwa hilo. Fuatilia utabiri wa msimu.